Jinsi ya Kupima Ubora wa Vekta za Nodi kwa Kuficha Viungo

Umeshafunza node2vec, mbinu inayotembea ovyo kwenye mtandao (grafu) na kuipa kila nodi, yaani kila kitu kilichomo, vekta yake, orodha ya namba; na mchoro wa rangi unapendeza. Mchoro uweke pembeni kwanza, maana t-SNE, mbinu ya kuchora vekta kwenye ukurasa, inaweza kukuonyesha makundi ambayo hayapo. Leo tunapima kwa namba: tunaficha baadhi ya viungo, kisha tunaona kama vekta zinavitambua.

Fungua data ya Cora: makala 2,708 za kisayansi zilizounganishwa kwa marejeo, katika mada 7. Mtandao huu una vipande 78, hivyo chukua kile kikubwa tu, chenye nodi 2,485 na viungo 5,069.

Sasa ficha viungo 507, yaani asilimia 10. Angalia skrini: kwanza natenga mti unaoshika nodi zote, yaani viungo vichache kabisa vinavyotosha kuziunganisha. Una viungo 2,484, na huo hauguswi. Vya kuficha tunavichota kwenye 2,585 vilivyobaki. Ukificha ovyo, nodi yenye kiungo kimoja inabaki pekee, matembezi ya nasibu hayaifikii, na vekta yake haina maana yoyote.

Ndipo ufunze upya, kwenye grafu iliyopunguzwa. Wengi huharibu hapa: wanapima kwa vekta zilizofunzwa na grafu nzima, kisha wanafurahia alama kubwa. Huo ni mtihani uliovuja.

Tafuta pia jozi 507 zisizounganishwa kwenye grafu kamili. Ukizitafuta kwenye iliyopunguzwa, viungo ulivyoficha vitahesabiwa kuwa uongo. Ipe kila jozi, iliyofichwa na isiyounganishwa, alama kwa kosini ya vekta zake mbili (jinsi zinavyoelekea upande mmoja), kisha kokotoa AUC: uwezekano kwamba kiungo kilichofichwa kinapata alama kubwa kuliko jozi isiyounganishwa. Ikiwa 0.5, ni sawa na kurusha shilingi.

Usishangilie 0.9 mapema. Jozi za nasibu huwa mbali mno, hata mbinu dhaifu huzitambua. Rudia kipimo kwa jozi zenye jirani wa pamoja ila hazijaunganishwa. Hapo ndipo vekta nzuri hujitenga na mbovu. Kando yake weka hesabu ya majirani wa pamoja, ambayo haihitaji kufunzwa. Vekta zikishindwa nayo, hazijakusaidia kwenye kazi hii.

Kwa kutabiri mada ya kila makala, tumia wastani wa F1 za mada zote; F1 ni alama inayopima kwa pamoja usahihi wa ulichotaja na kiasi ulichokosa. Mada kubwa ina makala 818 katika data nzima, kwa hiyo ukihesabu majibu sahihi tu, anayeitaja hiyo hiyo kila mara anapata asilimia 30 ya bure.

Mwisho, funza mara 5 kwa mbegu tofauti za nasibu, yaani namba zinazoanzisha bahati nasibu ya kompyuta. Usilinganishe vekta namba kwa namba, kwa sababu kila mara mhimili huzunguka. Linganisha majirani 10 wa karibu wa kila nodi: wakibadilika sana, ongeza idadi ya matembezi kwa kila nodi, upime tena.