Gharama za Polisi Si Matabishi

Wababa, wamama, na ninyi wanafunzi wa sheria mliokaa hadi kwenye ngazi, asanteni kwa kuja.

Kijana mmoja wa hapa Lubumbashi aliniuliza: polisi wakiwaonyesha watu wa kodi pesa ilikofichwa, wanapata nini?

Tuangalie Marekani, maana wao wameliandika jambo hili wazi, kifungu cha 7624 cha sheria yao ya kodi, tangu 1988. Polisi wa jimbo au wa mji wanamchunguza muuza dawa za kulevya, wanakuta daftari lake la mauzo, wanalipeleka IRS, mamlaka ya kodi ya taifa. Habari hiyo ikichangia kwa kiasi kikubwa kodi kupatikana, kikosi kinaweza kurudishiwa gharama za uchunguzi: mishahara, saa za ziada, posho. Mwisho ni asilimia 10 ya kilichokusanywa. Kodi isipofika dola 50,000, hakuna kitu.

Sikieni vizuri: kilichokusanywa. Kodi iliyobaki kwenye makaratasi hailipi mtu. Na asilimia 10 ni dari tu. Tuseme zimeingia dola 400,000. Dari ni 40,000. Uchunguzi uligharimu 12,000? Basi hakuna kuvuka 12,000. Kama kikosi kilishalipwa kwa kazi ileile kutokana na mali iliyotaifishwa, hakilipwi tena.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Matabishi, yaani bahashishi, yanaingia mfukoni mwa mtu. Pesa hii inarudi kwenye sanduku la kikosi. Maana askari anayengoja fungu lake mwenyewe atamwinda mwenye pesa na kumwacha mwenye kosa.

Lakini gharama lazima zionyeshwe. Tazameni daftari hili la shule, nimeandika mfano: “Jumanne, saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, askari wawili, pikipiki moja, lita nne za esansi.” Mstari ulioandikwa usiku uleule unasimama. Ukiandikwa miezi sita baadaye kwa kukumbukakumbuka, afisa wa kodi ana haki ya kuutilia shaka. Tena kikosi kinatakiwa kusema nia ya kudai palepale kinapoleta habari.

Upande wa pili, IRS inalazimika kutunza kumbukumbu ya habari iliyopokea na kukiarifu kikosi pesa ikiingia. Kodi ya mtu ni siri. Bila taarifa hiyo, polisi wangejuaje?

Sasa maswali. Mama wa pale nyuma, mkono wako nimeuona tangu mwanzo.