Mshahara wa mwalimu wa Kiingereza Japani, najibu leo halafu basi

Hamjambo ndugu zangu, leo sitembezi kamera mtaani, nimekaa chini kabisa kwa sababu kila nikiweka video swali ni lile lile, dada unalipwa shilingi ngapi, dada tuunganishie na sisi tuje. Nikinyamaza naambiwa nabania watu riziki, nikisema naambiwa najisifu, nikitaja matatizo naambiwa si urudi kwenu. Kwa hiyo leo naongea yote, atakayenuna anune, na haya ni ya kwangu mimi, aliyeko Osaka anaweza akawa na mambo mengine kabisa.

Mimi niko mkoa wa Tochigi, kaskazini ya Tokyo, nimeajiriwa na kampuni inayopeleka walimu wasaidizi kwenye shule za serikali. Mshahara kwenye karatasi ni yen 230,000 kwa mwezi. Najua mshachukua simu mnapiga hesabu, inakuja zaidi ya milioni tatu za kwetu Tanzania, na ugomvi unaanzia hapo hapo, nyie mnaihesabu kwa shilingi mimi naitumia kwa yen. Mkataba wangu ni masaa 29 na nusu kwa wiki, ukiusoma haraka unaona afadhali kazi nyepesi. Kumbe wamekupunguzia hiyo nusu saa ili usifike 30, maana ukifika kampuni inabidi ikuchangie bima na pensheni, na kampuni yetu ni ndogo, zile zenye wafanyakazi 51 kwenda juu sheria imezibana tangu Oktoba 2024 ziwachangie hata wa masaa machache kama yangu, sisi bado, basi bima na pensheni najilipia mwenyewe. Pensheni tu, mwaka wa fedha wa 2025, ilikuwa yen 17,510 kila mwezi. Afu mwaka wa pili unapoingia, mwezi wa sita, inakuja bahasha ya kodi ya mkazi, ile ya kulipa serikali ya mtaa unakoishi, wanakata kwa mapato ya mwaka uliopita, hela ambayo ushaila zamani. Hakuna aliyeniambia hilo kabla sijaja ndo maana nawaambia.

Na mwezi wa nane. Shule zinafunga mwishoni mwa Julai, na sisi wa kampuni tunalipwa kulingana na siku za shule, kwa hiyo Agosti mshahara unakuja nusu na kidogo, na kodi ya nyumba inabaki ile ile. Sasa ndo mwezi huo huo ndugu wanajua uko likizo. Kuna mjomba wangu aliandika kwenye grupu la familia, mbele ya watu wote, kwamba mtoto akishavuka maji anasahau aliyemlipia ada, kisa nimesema harusi ntachangia Oktoba. Iliniuma sana, na bado inaniuma, maana ada alilipa kweli na sijawahi kusahau. Ila hela haikuwepo, mjomba, haikuwepo.

Wale wa JET msinilinganishe nao. Huo ni mpango wa serikali ya Japani wa kuleta wageni wasaidie kufundisha shuleni, upo tangu 1987, na kuanzia Aprili 2025 mwaka wa kwanza wanalipwa kama yen milioni 4.02 kwa mwaka mzima na Agosti wanalipwa kama kawaida. Ukiona mwalimu wa JET anakula bata kwenye video yake ni haki yake, kazi tunafanya inafanana, mwajiri ndo tofauti.

Halafu kuna hawa wanaoandika wewe Mtanzania unamfundisha nani Kiingereza. Nimesoma Kiingereza toka darasa la kwanza, namfundisha mtoto wa Kijapani. Na mimi ni msaidizi, somo ni la mwalimu wa darasa, mimi natamka wao wanafuatisha, tunacheza michezo ya maneno, darasa la tano na la sita Kiingereza ni somo kamili tangu 2020 kwa hiyo kuna kitabu na alama, ila alama siweki mimi. Mchana nakula darasani na watoto, nalipia chakula kama walimu wote. Watoto wenyewe ndo wanapakua, wamevaa aproni nyeupe na kofia na barakoa, hamna anayegusa kijiko mpaka wote wamepata. Siku mtoto mmoja hajaja, pudini yake inabaki, basi darasa zima wanasimama wanagombea kwa mikono, jiwe, mkasi, karatasi, wanapungua wanapungua mpaka anabaki mmoja, na aliyeshindwa fainali anaweza kulia machozi kabisa. Wananiita na mimi nicheze, nikikataa wananuna. Hii kazi naipenda kwa sababu ya watoto hawa, siwafichi.

Treni na vyoo mshaona kwa wengine, sirudii. Nyumba, kwetu unalia na kodi ya miezi sita na dalali kachukua mwezi wake, huku unaweka dhamana, unalipa dalali, unalipa kampuni ya udhamini maana mgeni hana wa kumdhamini, na nyumba nyingi zina hela ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hairudi, afu unaingia ndani hamna hata jiko wala taa kwenye dari. Benki wanataka namba ya simu, kampuni ya simu wanataka akaunti ya benki, mi nilizunguka mpaka kampuni ikanipeleka yenyewe.

Sasa wadogo zangu mnaotaka kuja, hili ndo kubwa. Ruhusa ya ukaazi ya kufundisha shule za serikali inataka uwe umesoma kwa Kiingereza miaka 12 au zaidi. Hesabu mwenyewe, kama primari ulisoma ya serikali kwa Kiswahili, sekondari sita na chuo mitatu ni miaka tisa, hujafika, usimpe mtu hela anayekuambia itapita. Mimi nilisoma ingilishi midiam na bado nilihangaika, shule ilishabadili mmiliki, mkuu mpya ananiambia mafaili hayapo, mama yangu ndo alienda mara kwa mara mpaka barua ikatoka. Kwa hiyo fuatilieni barua sasa hivi kabla ya kuomba chochote, iwe na nembo ya shule, saini na muhuri, itaje ulisoma mwaka gani mpaka gani na masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Maswali ya barua niandikieni ntajibu, ya mshahara nishajibu.