Kipindi cha Wiki: Wezi wa Shaba Falkirk

MFAUME: Karibuni tena. Zawadi leo kaja amenuna, sijui kulikoni.

ZAWADI: Ungekaa giza wewe ungecheka? Jumanne usiku wamekata waya wa shaba mtaani kwetu. Asubuhi fundi kashika kiuno chini ya nguzo, na mimi samaki wangu kwenye friji ndio basi tena. Nikaishia kusoma habari za Rosebank kwenye simu, na huko nako wezi wa shaba!

MFAUME: Rosebank ni kiwanda cha wiski, Falkirk, Scotland. Mimi mnanijua, ni mtu wa tangawizi. Endelea dada.

ZAWADI: James Rankine alikianzisha 1840, kando ya mfereji wa Forth and Clyde. Waskoti wengi hukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, mara 2, hawa mara 3, ndiyo maana wiski yao laini. 1993 wenyewe wakakifunga. Mtambo wa kusafisha majitaka ulitaka kama pauni milioni 2, wakaona heri pesa iende kwenye viwanda vyao vingine. Halafu sikukuu za 2008 kuingia 2009, wezi wakaondoka na vyungu vya kukenekea.

MFAUME: Vya shaba?

ZAWADI: Shaba tupu. Virefu kuliko wewe.

MFAUME: Subiri kwanza. Walivibeba na nini, bajaji?

ZAWADI: Mfaume, nina mambo matatu ya biashara nataka tujifunze hapa...

MFAUME: Yatakuja. Yule wa vyuma chakavu anapima kilo, hata haulizi, "Ndugu, hili lenye shingo kama twiga umelitoa wapi?"

ZAWADI: (anacheka) Anakwambia, "Lete na kifuniko."

MFAUME: Na majirani je? Mtaani kwetu ukishusha godoro tu, kila mtu anajua bei yake!

ZAWADI: Haya. 2017 kampuni ya Ian Macleod ikanunua jina, akiba ya mapipa na eneo lenyewe. Vyungu vikafuliwa upya na mafundi wa shaba, Forsyths, kwa michoro ya zamani. Julai 2023 pipa la kwanza likajazwa. Rosebank imerudi.

MFAUME: Haijarudi. Vyungu vipya, mwenye mali mpya, wafanyakazi wapya. Hicho ni kiwanda kingine kilichopewa jina la marehemu.

ZAWADI: Mahali ni pale pale, bomba la moshi lile lile, umbo la vyungu lile lile. Shaba huchakaa, hata wasingeibiwa wangebadilisha.

MFAUME: Wangebadilisha kimoja kimoja, kazi ikiendelea, mzee akimwonyesha kijana. Hapa pana miaka 30 ya kimya.

ZAWADI: Mchoro ndio mzee.

MFAUME: Mchoro hauonji! Na chupa ya miaka 30 waliyotoa 2020 ilikenekwa 1990. Sifa wanazouza ni za waliofungiwa mlango.

ZAWADI: Sasa waimwage? Hii mpya kisheria lazima ikae kwenye pipa miaka 3 ndipo iitwe wiski. Ionje kwanza.

MFAUME: Mimi sinywi.

ZAWADI: Basi unabisha nini?

MFAUME: Nabishia jina.

ZAWADI: Sikubali.

MFAUME: Wala mimi. Na fundi wa sauti anatuonyesha saa.

ZAWADI: Mambo yangu matatu je?

MFAUME: Weka kiporo. Ila bado hujaniambia kuhusu ile bajaji.

ZAWADI: Zima maiki, jamani.