Grenada wako wachache kuliko sisi wa Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu wa michezo mliotoka Newala, Masasi na Lindi, poleni na safari. Nimeombwa nizungumzie nchi ndogo kwenye Olimpiki. Nikizitaja zote mtaondoka na orodha ya majina tu, kwa hiyo nitakaa na moja.

Grenada ni kisiwa cha Karibiani. Watu wake hawafiki 120,000, ilhali mkoa huu wa Mtwara peke yake, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 1.6. Zao lao ni kungumanga, na wameichora mpaka kwenye bendera ya taifa. Septemba 2004 Kimbunga Ivan kiliwapiga, kikaezua nyumba na kung'oa mikungumanga, miti ambayo ukiipanda leo unasubiri miaka mingi kuvuna. Sisi wa pwani hii tuliokesha na redio siku za vimbunga Kenneth na Hidaya hatuhitaji kuelezwa hofu hiyo.

Katika mji wa wavuvi uitwao Gouyave kulikuwa na kijana aliyetimiza miaka 12 siku chache tu kabla ya kimbunga kile. Jina lake Kirani James. Agosti 2012, akiwa na miaka 19, alishinda mita 400 kwenye Olimpiki ya London kwa sekunde 43.94. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake, na ikawa dhahabu.

Lakini naomba mnisikilize kuhusu jana yake, kwenye nusu fainali. James alimaliza wa kwanza. Wa mwisho alikuwa Oscar Pistorius wa Afrika Kusini, aliyekuwa akikimbia kwa miguu ya bandia. James hakwenda kwenye kamera. Alimwendea Pistorius, wakakumbatiana, akamwomba wabadilishane namba zao za kifuani, zile zenye majina. Kijana wa kisiwa ambacho wengi uwanjani wasingeweza kukionyesha kwenye ramani akatoka na jina la mwenzake mkononi. Mimi ninapofundisha watoto kukimbia, hilo nalifundisha pamoja na namna ya kutoka kwenye mstari.

James akarudi na fedha Rio 2016, kisha shaba Michezo ya Tokyo. Paris 2024 Anderson Peters akachukua shaba ya mkuki na Lindon Victor shaba ya dekathloni, ile ya michezo kumi kwa mtu mmoja. Jumla medali tano. Sisi Tanzania, watu zaidi ya milioni 60, tunazo mbili, zote fedha na zote za Moscow 1980: Filbert Bayi mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui mita 5,000.

Msiniambie Mtanzania hawezi. Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni kwa saa 2:09:48. Aliyemfuata aliandikiwa muda huo huo, na picha ya utepe ndiyo iliyoamua. Ila mbio ndefu zina wenyewe, wale wa nyanda za juu. Grenada iko usawa wa bahari kama sisi, na medali zake hazikutoka kwenye mbio ndefu.

Sasa siri yao ni nini? Mimi naiona kwenye kalenda. Shule za sekondari za kisiwa kizima hushindana kila mwaka katika mashindano wanayoyaita Intercol, na nchi inasimama kuangalia. Kila Pasaka kuna CARIFTA, mashindano ya vijana wa Karibiani yaliyoanza 1972. Mtoto wa Gouyave anajua mapema kwamba akifanya vizuri nyumbani, Pasaka atakutana na Wajamaika na Wabahama, na muda wake utapimwa kwa mitambo na kuandikwa. James alipita njia hiyo hiyo hadi Chuo Kikuu cha Alabama.

Mtoto wetu je? Anasubiri UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Akitolewa kwenye kata, mwaka wake wa riadha umekwisha, amekimbia mara moja au mbili, na muda wake umepimwa kwa simu ya mwalimu na kusahaulika kabla ya jioni. Mashindano yale ni mazuri, na yalipoletwa kitaifa hapa Mtwara mji ulichangamka. Lakini mtoto hawezi kuwa mkimbiaji kwa kushindana msimu mmoja tu kwa mwaka, hata awe na miguu ya namna gani.

Ipo pia nafasi ambayo Olimpiki huipa nchi isiyo na mtu aliyefikia kiwango, ipeleke mkimbiaji mmoja. Nafasi hiyo naitetea. Ila hailei mtoto wa darasa la sita.

Kwa hiyo nawaletea ombi. Kutoka hapa hadi Lindi ni kama kilomita 100 na lami ipo. Tushindane kila muhula, Mtwara na Lindi, kwa mistari ya chokaa: mita 100, mita 400, kuruka chini, mkuki. Kila muda na kila umbali uandikwe kwenye daftari moja, jina, shule na tarehe, na daftari likae kwa afisa michezo, lisiwe mali ya mwalimu mmoja akihamishwa analibeba. Tukubaliane jioni hii nani aanze kuwa mwenyeji, uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona au ule wa Ilulu kule Lindi, kabla wenzetu wa Lindi hawajawahi basi.