Ile mbili ya mkononi

Assalamu alaykum walimu wenzangu. Haya, wa nyuma tafuteni viti mkae, na hii maiki ikikatika nipungieni mkono ntapaza sauti tu, si mnajua sie wa mkondo wa mchana koo zetu zishazoea. Nimeambiwa nizungumze kuzidisha kwa njia fupi, ile namba kubwa juu, tarakimu moja chini, mstari, bas. Mtasema mada ndogo hii. Na mie nlikuwa nasema hivo hivo mpaka hesabu moja ikanitoa jasho.

Hesabu yenyewe ni 34 mara 6. Darasa langu la tatu, hapa hapa Wete, nlishafundisha vizuri kabisa kwa nlivodhani, sita mara nne ishirini na nne, andika nne, mbili weka mkononi, twende. Nakusanya madaftari nakuta jibu 304. La pili 304. La tatu 304, nikasema alaa, hawa wameigiliziana leo watanitambua. Nikamwita mmoja mdogo mdogo hivi, nikamwambia hebu nieleze umefanyaje, akanambia bila ya khofu, "Mwalimu, si ile mbili imekwenda kwa tatu? Sasa wako watano. Sita mara tano thalathini."

Nikanyamaza. Mtoto kafikiri huyu! Mgeni akiingia nyumbani kabla hakijapakuliwa si unamhisabu, unaongeza sahani? Ndivo alivofanya. Kosa langu mie ambae sikumwambia kuwa mgeni huyu keshakula kwengine. Ile mbili imetoka kwenye sita mara nne, ishazidishwa, haizidishwi tena, inangoja tu sita mara tatu imalize ndo ijumlishwe: kumi na nane na mbili, ishirini, jibu 204. Ukiijumlisha mwanzo umeizidisha tena mara ya pili, makumi mawili yamekuwa makumi kumi na mbili, na ndo maana jibu la yule mtoto limezidi kwa mia kamili. Kakagueni madaftari yenu mutazame, mutazikuta hizo mia.

Sasa nikajiuliza, kwani mtoto haoni kuwa ile mbili ni makumi mawili? Haoni, na sababu moja iko midomoni mwetu. Tunahisabu moja mbili tatu nne tano, tukifika kwenye makumi tunabadilisha lugha bila ya kumwambia mtu. Thalathini, wapi tatu hapo? Arubaini, iko wapi nne? Hamsini haina tano, thamanini haina nane. Hizo zimetoka kwenye Kiarabu na wenzake wamebaki kwenye Kibantu. Sitini, sabini, tisini zinasikika kwa sababu sita, saba na tisa na zenyewe za Kiarabu. Kwa hivo mtoto akisikia thalathini na nne anasikia jina tu, kama jina la mtu, hasikii makumi matatu. Mie siku hizi wiki nzima ya mwanzo nawasomesha majina mawili, 34 ni thalathini na nne na pia ni makumi matatu na mamoja manne, tunaimba kabisa. Mwalimu mmoja alinambia unapoteza wakati. Basi mie na yeye tutakutana darasa la tano.

Na nyenzo msinambie Wizara haijaleta. Chelewa, zile njiti za makuti, zipo. Ukuti ukianguka nyuma ya skuli watoto wanachambua wenyewe, wanakata sawa sawa, wanafunga kumi kumi kwa ukindu. Thalathini na nne ni vifungu vitatu na chelewa nne zilizo wazi. Waite watoto sita mbele kila mmoja ana hizo hizo, waambie wamwage mezani. Utapata vifungu kumi na nane na chelewa ishirini na nne zilizotawanyika, na hapo usiseme kitu, ngoja. Atatokea mmoja atasema, mwalimu hizi zinafungika. Wanafunga mbili, zinabaki nne, na vile vifungu viwili wanavipeleka wapi? Kwa wenzao, vinakuwa ishirini. Hakuna mtoto ataechukua kifungu kilichofungwa sasa hivi akakizidisha tena mara sita, haimjii kabisa. Wakishamaliza hapo ndo ubaoni, na ubaoni kwenyewe usiende kwenye njia fupi moja kwa moja, andika kwa urefu kwanza, sita mara nne 24, sita mara thalathini 180, jumlisha 204. Wafanye hivo mpaka wachoke, wenyewe watakuuliza hakuna njia ya mkato? Ipo mwanangu.

Jengine, tukubaliane maneno. Skuli moja huyu anasema beba, yule anasema peleka, mie nasema weka mkononi, na wallahi nishaona mtoto kaiandika mbili kwenye kiganja kwa biro (msicheke, kanifahamu sawa sawa nlivosema). Chagueni moja, skuli nzima, na hiyo tarakimu iandikwe ndogo juu ya safu ya makumi, isikae hewani.

Sifuri sasa, hapa ndo pana kesi. 307 mara 4. Nne mara saba ishirini na nane, andika nane, mbili inakwenda kwenye makumi, huko inakuta sifuri. Kuna mtoto atasema nne mara sifuri nne, na mbili sita, anapata 1268. Mwengine atasema sifuri si kitu, ataandika sifuri, ile mbili kaisahau njiani, 1208. Mwambieni sifuri maana yake tupu, hilo neno ndo asili yake, hapa hapana kifungu hata kimoja. Sahani nne tupu zina wali kiasi gani? Hamna. Lakini vifungu viwili vimetoka kwa jirani vinaingia, basi viko viwili, 1228.

Tebo ntapita haraka. Kuna wanaosema kukariri kumepitwa, mie sikubali, watoto hawa hawa wana Juzuu Amma kifuani. Ila tusiwatishe na ile chati yenye vyumba mia. Tatu mara saba na saba mara tatu ni kitu kimoja, kwa hivo mia zinabaki 55. Toa tebo ya moja na ya kumi zinabaki 36, toa ya mbili na ya tano ambazo wanazijua usingizini, zimebaki 21. Ishirini na moja tu, moja kwa siku mwezi haujesha.

Na kabla ya mtoto hajaandika chochote aulizwe, jibu litakuwa baina ya wapi na wapi? Sita mara thalathini 180, sita mara arubaini 240. Basi 304 ikitokea ataistukia mwenyewe, hana haja ya kalamu yangu nyekundu. Nlilichelewa sana hili, miaka, nlikuwa naona makisio ni ya wafanyabiashara wa karafuu.

Ee, mwalimu pale, unauliza darasa la watoto wengi itakuwaje? Itakuwa kelele. Mie nafanya meza kwa meza, mmoja ndo mwenye kufunga, wengine wanahisabu, na mkuu wa skuli akichungulia dirishani namwambia tunafanya hesabu.

Sasa kile kikapu pale mlangoni kimejaa chelewa, hamjakuja kunsikiliza tu. Meza ziko saba. Kila meza ihisabu arubaini na nane, vifungu vinne na nane zilizo wazi, halafu mlete zote hapa mbele kwenye mkeka. Kalamu wekeni chini kwanza, mwalimu wa meza ya pili nakuona unaandika.