Miungu Waliofukiwa Faida

Mabibi na mabwana, kijiji ninachowapeleka jioni hii kinaitwa Faida. Msicheke, ndilo jina lake. Kiko karibu na Duhok, kaskazini mwa Iraki, si mbali na Mosul, yalipo magofu ya Ninawi, ule mji aliotumwa nabii Yona.

Hapo Waashuri walichonga mfereji wa kumwagilia mashamba, ndani ya mwamba wenyewe, kando ya kilima. Ni kazi ya zama za mfalme wao Sargoni wa Pili au mwanawe Senakeribu, yule aliyemtishia Hezekia. Kwenye ukingo wake wakachora mfalme mara mbili, mwanzo na mwisho wa msafara, na katikati miungu saba juu ya wanyama. Shamash, mungu wa jua, yuko juu ya farasi; Ishtar, mungu wa kike wa mapenzi na vita, juu ya simba. Tazameni nyuso zao hapa: zote zinaelekea kule maji yalikokuwa yakienda.

Baadaye maji yalikauka. Udongo wa kilimani ukaporomoka ukajaza mfereji, miungu wakazama hadi utosini. Mwaka 1973 mwanaakiolojia Mwingereza Julian Reade aliona ncha tu za michongo mitatu. Ilibidi tungoje hadi 2019, Chuo Kikuu cha Udine cha Italia na idara ya mambo ya kale ya Duhok walipofukua michongo kumi.

Sasa linganisheni na michongo ya Maltai, hapo hapo jirani. Miungu ni wale wale, ila wako juu ya jabali, wazi. Mvua na upepo vimewala, na kuna mtu wa kale aliyetoboa mlango wa kaburi katikati ya msafara. Kule Khinnis nako, watawa walijichongea vyumba ndani ya michongo ya Senakeribu. Kwa hiyo mtu akiniuliza mhifadhi bora ni nani, namtaja kifusi, na sitanii.

Kufukua ni kumvua mgonjwa blanketi. Faida kuna wachimbaji haramu, kijiji kinapanuka, mabanda ya mifugo yanasogea. Ndiyo maana michongo ilipimwa kwa leza kwanza, na mwaka 2022 eneo likafunguliwa kuwa hifadhi yenye ulinzi.

Naona mkono kule nyuma. Kwa nini wasiikate michongo waipeleke makumbusho? Wanaweza, mzee wangu. Lakini wale miungu wanatazama maji yanakokwenda. Ukiwapachika ukumbini, watatazama mlango wa choo.