Wa Kwanza Kwenye Kamba

Ahsanteni. Hadithi siisimulii, mliofika hapa mmeshaiona filamu ya *Premier de cordée*, "wa kwanza kwenye kamba", ya waongozaji wa wapanda milima, au mmesoma riwaya ya Roger Frison-Roche ya 1941. Louis Daquin aliirekodi filamu Chamonix, mji wa milimani Ufaransa, Wajerumani wakiwa wameikalia nchi, ikatoka 1944. Basi. Mimi nataka tuzungumzie kamba.

Ndiyo, kamba tena, na walionisikia zamani wanisamehe. Kila mjadala wa *Premier de cordée* huishia kwenye ujasiri na uzuri wa theluji. Haulizi mtu ile kamba imetengenezwa kwa nini. Ni ya hempu. Siyo katani ya Tanga. Hempu ni mmea ndugu na bangi, nyuzi zake husokotwa. Kamba za nailoni wapandaji walizipata baada ya vita. Nailoni ikishtuliwa huvutika, ikameza kishindo. Hempu haivutiki kiasi hicho: hukatika, au humvunja mbavu aliyefungwa. Ikilowa huwa nzito, ikiganda hukakamaa kama nondo, na fundo halifunguki kwa vidole vilivyokufa ganzi. Tena huoza ndani huku nje inapendeza.

Sasa tupige hesabu. Hakuna mikanda ya mapajani. Kamba inazungushwa kiunoni, fundo moja, kwisha. Wa pili amesimama kwenye ukingo, kamba ameipitisha chini ya kwapa na juu ya bega. Wa kwanza yuko mita 10 juu yake, na njiani hakupata jiwe la kuizungushia kamba. Akiteleza haanguki mita 10. Anampita mwenzake, anakwenda 10 nyingine, ndipo kamba ikaze. Mita 20, kwa hempu, juu ya bega la mtu! Ama kamba inakatika, ama wanaondoka wote wawili.

Geuzeni. Ateleze wa pili, aliye chini, kamba ikiwa imeshakazwa. Anashuka kidogo tu, pengine nusu mita. Bega linamtosha. Yaani kamba ile inamlinda kila mtu isipokuwa aliyetangulia.

Nawasikia: huyu Pierre Servettaz, kijana wa kwenye filamu, aliyepasuka fuvu na kubaki na kizunguzungu, si afungwe tu awe wa pili? Awe wa pili nyuma ya nani? Wa pili ni mteja, mgeni aliyelipa. Kazi ya mwongozaji wa Chamonix ni kutangulia, pale ambapo kamba haimsaidii. Asiyeweza kutangulia hana kazi. Ndiyo maana kile kizunguzungu hakiishi kwa kupumzika kitandani, na ndiyo maana filamu inamrudisha kwenye mwamba.

Kisha mwaka 2017 Rais Macron anakaa kwenye televisheni na kuwaita waliofanikiwa "wa kwanza kwenye kamba", kana kwamba wanawavuta wengine. Jamani! Wa kwanza havuti mtu. Akimsubiri mwenzake huondoa ulegevu wa kamba, mwenzake hupanda kwa miguu yake. Na wakati wa kushuka, je? Mwongozaji anakuwa wa mwisho, juu ya wote, hana wa kumshikia kamba. Hilo sikulisikia likitajwa.

Dakika zimekwisha, naona naonyeshwa saa. Buti za misumari, kwa haraka: hushika mwamba na barafu vizuri, lakini chuma kinapitisha baridi hadi kwenye nyayo. Mkumbukeni Georges wa kwenye hadithi, na miguu yake iliyoganda kwa baridi. Radi ya kwenye Drus, kile kilele cha hadithi: sururu ya barafu ikianza kuvuma kama nyuki, weka chuma mbali, teremka kutoka kileleni, chuchumaa, na usijibanze kwenye kijipango kisicho na kina, umeme huruka hapo kwenye mdomo wa pango. Kuhusu wanaosema filamu inaipigia debe serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, nilikuwa na kurasa tatu, nazikunja. Daquin alikuwa mkomunisti, muanzie hapo.

Maswali? Ya kamba kwanza.